Deki Aliyoichagua Susu

Mimi ndiye sikio la Susu. Tangu ahamie kwetu Matinyani, hakuna neno la filamu lililowahi kumpita, kwa sababu mimi, Muli, niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na bingwa wa mambo ya sauti kijiji kizima, humrudishia kila kitu kama kilivyosemwa. Uliza yeyote. Ila usimuulize dada yangu Kavata.

Jioni zetu zilikuwa hivi. Mama akishaondoa sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, Baba huwasha runinga, Kavata huweka diski kwenye deki yetu kuukuu, na Susu huvuta kiti mpaka pua yake inakaribia kugusa kioo. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya yetu, mama yake Baba. Alikuwa akiishi peke yake Kathonzweni mpaka siku alipoteleza karibu na tangi la maji akaumia nyonga, ndipo Baba akamleta kwetu.

Nyonga ilipona. Masikio ndiyo yaliyobaki na shida. Hospitalini walimtoa nta, wakampima, wakasema kilichobaki ni umri tu: sauti nene anazisikia, lakini maneno yanamfikia yakiwa yamesagika.

"Msimpigie kelele," muuguzi alitushauri. "Mtazameni usoni, mseme polepole."

Sisi tulijitahidi. Lakini watu wa filamu hawakuwapo siku ile hospitalini. Wanageuza mgongo, wananong'ona, na ngoma inapigwa juu ya maneno yao. Basi Susu, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, alikuwa akiniinamia kila dakika na kuuliza, "Amesema nini?"

Mwanzoni nilirudia neno kwa neno. Kisha nikachoka. Kulikuwa na filamu moja aliyoipenda sana, ya mzee anayesafiri nchi nzima kumtafuta binti yake waliyepoteana naye. Mwishowe mzee anasimama mlangoni pa binti, mvua inanyesha, anasema jambo kwa sauti ya chini.

"Amesema nini?" Susu akauliza.

"Anaomba chai," nikajibu.

Kavata alinikanyaga mguu. Susu alinitazama, akaitazama runinga. "Yaani ametoka kote huko kuja kudai chai?"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mama naye akacheka, maana hakuwa amefuatilia. Nikaona nina kipaji. Tangu siku hiyo nilianza kuwatungia watu wa filamu maneno yangu mwenyewe. Polisi aliuliza bei ya ndengu. Bibi harusi alilalamika kwamba viatu vinambana. Yule mzee wa mlangoni Susu alimpa jina la Mzee Chai, na kila tukiiweka filamu ile alimdharau upya.

Basi Jumatano moja Susu akaweka kikombe chake chini, akasema kwa utulivu, "Evanson, Jumapili baada ya kanisa unirudishe Kathonzweni."

Baba alishtuka. "Mama, kuna nini? Kuna aliyekukosea?"

"Hakuna. Lakini mnacheka, nami nauliza mnacheka nini. Mnanyamaza, nami nauliza mnanyamazia nini. Nimechoka kufika nyuma yenu kila siku. Heri nikae kwangu na mbuzi, wao hawana hadithi."

Alikuwa amekwisha kukunja nguo zake ndani ya mfuko. Baba hakulala vizuri, nasi sote tulijua kwa nini. Kathonzweni nyumba ilikuwa imefungwa, jirani wa karibu yuko ng'ambo ya korongo. Akiteleza tena pale kwenye tangi, nani atamwinua?

Asubuhi Baba akaja na uamuzi. Ndengu za msimu zilikuwa zimeuzwa vizuri, na alikuwa akifikiria kununua chombo cha sauti. "Labda akisikia filamu vizuri ataona hapa ni kwake pia. Muli, wewe si ndiye bingwa? Jumamosi nenda Kitui ukachague."

"Hilo niachie mimi, Baba."

"Na Susu aende," Kavata akasema. Yuko gredi ya saba, ana miaka kumi na miwili, na husema mambo kama anayesoma tangazo la maktaba.

"Susu akafanye nini dukani?" nikamuuliza. "Akahesabu waya?"

"Viatu vyake vya kanisani, tulimchukua ajaribu. Hiki kitu kitavaliwa na masikio yake. Sasa wewe utamjaribia vipi?"

Baba alimtazama Kavata, kisha mimi. "Nendeni wote watatu."

Duka lilikuwa la Chege, kijana mchangamfu aliyetoka upande wa Murang'a akajenga maisha yake hapa Kitui. Alimletea Susu kiti hata kabla ya kutuuliza tunataka nini.

"Karibu, shosho. Kaa hapa. Na wewe, boss, mnatafuta nini?"

"Sauti," nikasema, nikiweka mikono mfukoni kama mtu aliyezaliwa ndani ya spika. "Sauti ya maana."

Alituonyesha vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa deki iliyounganishwa na wufa kubwa, ile spika ya sauti nzito, karibu kimo cha Kavata, yenye taa za rangi zinazozunguka kila ngoma ikipiga. Chege alipoiwasha, vioo vya dirisha vilitetemeka na mwenye bodaboda nje akageuka kutazama. Nilishaiona sebuleni kwetu, na vijana wa Matinyani wamepanga foleni mlangoni.

"Hii hapa," nikasema. "Funga, tuondoke nayo. Susu, umesikia?"

Susu alikuwa ameshika kifua. "Nimesikia ngurumo. Mvua inakuja?"

Chombo cha pili kilikuwa deki nyembamba nyeusi, ya zile za blu-rei, pamoja na wufa ndogo na spika tano zisizozidi ukubwa wa mikebe ya maziwa ya unga. Nilicheka. Chege hakucheka.

"Hii inacheza diski zenye picha kali, na zile za kawaida pia," alieleza. "Lakini uzuri wake uko kwenye sauti. Ile ya kwanza inachanganya kila kitu mahali pamoja. Hii inazipeleka sauti zikiwa zimetengana. Mvua inatoka pembeni, ngoma inatoka pale, na watu wakizungumza, maneno yao yanatoka kwa hii spika ya katikati."

Akaicheza. Nikatikisa kichwa. "Haina nguvu. Ya kwanza imeipita mbali."

"Ya kwanza aliifungua juu zaidi," Kavata akasema. "Kitu chochote kikipiga kelele zaidi utadhani ni kizuri zaidi. Tafadhali ziweke sawa, kisha Muli ageukie ukuta atuambie ni ipi."

Chege alinitazama kwa furaha ambayo sikuipenda. Niligeukia ukuta. Wimbo ukapigwa, ukazimwa, ukapigwa tena.

"Huo wa pili," nikatangaza bila wasiwasi. "Sauti imejaa, imenyooka. Hiyo ndiyo wufa yenye taa."

Nikageuka. Chege alikuwa ameweka kidole juu ya kile kideki chembamba cheusi, na Kavata alikuwa akitazama dari ya duka kwa adabu.

Ningeweza kuvumilia hilo. Lakini Kavata alifungua mfuko wake wa shule akatoa diski. Ilikuwa ile ya mzee na binti yake.

"Hiyo imekwaruzika," nikasema haraka. "Itaharibu deki za watu. Tutumie diski za duka. Tena Susu amechoka, tuchukue tu ile kubwa twende."

"Sijachoka," Susu akasema. Hilo alilisikia.

Kavata aliipeleka diski moja kwa moja mpaka mlangoni pa binti, mvua inanyesha. Kwanza kwenye ile kubwa. Taa zilizunguka, mvua ikavuma, ngoma ikadunda, mzee akafungua kinywa na kukifunga.

Susu aliniinamia kwa mazoea. "Bado ni chai?"

"Bado ni chai," nikanong'ona.

Kisha Chege akaihamishia kwenye ile ndogo, sauti ikiwa kiwango kilekile. Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia filamu ile. Mvua ilisogea pembeni, ikawa inanyesha kwenye mabati ya jirani. Ngoma ilirudi nyuma ikawa mapigo ya moyo wa mtu. Na pale katikati, wazi kama mtu aliyesimama mbele yetu dukani, mzee akasema:

"Mwanangu, sikukuacha. Nilikutafuta mpaka miguu ikakataa. Nisamehe."

Susu hakuuliza amesema nini. Alikaa wima kabisa. Baadaye akamwambia Chege, "Rudisha hapo." Chege akarudisha. Mzee akasema tena. Susu alisikiliza mpaka neno la mwisho, akitikisa kichwa taratibu.

"Muli," akaita bila kugeuka.

"Naam, Susu."

"Chai iko wapi?"

Chege, maskini, akaruka. "Shosho angependa chai? Naweza kuagiza hapo hotelini, ni dakika moja tu."

Kavata alikaribia kupasuka kwa kicheko. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ile wufa kubwa na kufungiwa humo na taa zake.

"Susu, ilikuwa utani," nikasema.

"Najua. Nami napenda utani, ndiyo maana nilicheka." Aligeuka sasa, akanitazama usoni, akasema polepole, kama vile muuguzi alivyotufundisha sisi kusema naye. "Lakini nimemcheka mtu aliyekuwa akilia. Nimemdharau miezi yote hii, na hakunikosea. Sikiliza, mwanangu. Masikio yangu yamepungua, akili yangu haijapungua. Ungeniambia, 'Susu, nimechoka kurudia,' ningekuelewa, kwani nani hachoki? Mtu akikuamini umwambie asichokisikia, mwambie kilichosemwa hasa. Ukimpa cha kwako, umemfungia nje ya nyumba, na yeye anafikiri yuko ndani nanyi."

"Nisamehe, Susu," nikasema.

"Nimekusamehe. Kijana, funga hii ndogo." Kisha akamshika Kavata mkono. "Huyu ndiye aliyekumbuka kuniuliza. Watu wazima wote wananichagulia vitu, yeye akaniuliza."

Na mimi, ambaye nimekuwa nikimtania Kavata tangu alipoanza kutambaa, nilimtazama mtoto yule na mfuko wake wa shule nikaona kitu ambacho sikuwa nacho. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta chombo cha kushangaza kijiji. Yeye alienda kumtafutia mtu mmoja neno lake.

Jioni hiyohiyo Chege alifuatana nasi mpaka nyumbani kufunga waya. Alipiga magoti nyuma ya runinga, akaanza kupanga spika, ile ya katikati chini ya kioo kabisa. Hata kabla hajamaliza kufunga zile za pembeni, Susu aliagiza filamu iwekwe. Safari hii hakuvuta kiti mbele. Alikaa kwenye kochi katikati ya Mama na Kavata, akaegemea. Palipochekesha, alicheka pamoja nasi, si baada yetu. Mama alimtazama Baba, wote wawili wakatazama chini.

"Evanson," Susu akasema, "huo mfuko wangu wa nguo, urudishe chumbani. Jumapili nitaenda kanisani kisha nitarudi hapa. Bado kuna diski nyingi nilizodanganywa maneno yake, lazima nizianze upya."

"Nani aliyekudanganya, Mama?"

"Ah, ni mambo yangu na mtu mmoja," akasema, asinitazame. Ndivyo alivyo Susu.

Baba alifurahi hata akasahau kuuliza zaidi. Alikuja akanipiga bega. "Muli, leo umenifanyia kazi ya mwanaume. Sikudhani ungeacha yale makubwa ya kelele ukachagua kitu chenye busara hivi."

Kavata alifungua macho makubwa. Susu alikuwa amezama kwenye filamu. Nami, wasomaji wangu, nilipaswa kusema maneno mawili tu: "Si mimi." Hata nilikuwa nimefungua kinywa kuyasema. Lakini mkono wa Baba ulikuwa mzito na mtamu begani.

"Ni kuwa na sikio tu, Baba," nikasema. "Mara tu nilipoingia pale dukani, niliwaambia ni hii ndogo."

Waya ukaacha kusogea. Kichwa cha Chege, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa, kikachomoza polepole juu ya runinga, bisibisi ikiwa mdomoni. Akaitoa.

"Boss," akasema, "na ile ya taa je?"

Baba aliondoa mkono begani mwangu. "Taa gani, Muli?"