Wanja kwenye Jicho Jipya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimshika Bibi Phulmati mkono nikampeleka kwenye pampu ya maji kunawa. Alikuwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka minne hakuiona sura yangu. Mwezi wa Falgun, baridi ilipoanza kuisha, alifanyiwa upasuaji hospitali ya macho. Daktari Usha alitoa lenzi iliyoingia ukungu katika jicho moja, akaweka ya bandia, ndogo kuliko punje ya dengu. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Bibi alinitazama akacheka.

"Kumbe Babita una pengo!"

Tulirudi nyumbani na masharti: matone mara sita kwa siku, na kitu kingine chochote kisiguse jicho hilo kwa mwezi mzima. Majirani walifurika uani. "Hee! Jicho linang'aa kama la bi harusi!" alisema Jhuniya, jirani yetu.

Niliogopa. Kwetu sifa nyingi huleta husuda, na kinga yake ni wanja. Mama humpaka mdogo wangu kila siku. Basi Bibi alipolala mchana, nilichovya kidole kwenye wanja wetu wa masizi na samli, nikampaka ukingoni mwa jicho lile. Nilidhani namlinda.

Baada ya siku mbili jicho lilikuwa jekundu, linauma, na Bibi aliona ukungu tena. Niliufuta upesi wanja uliobaki, bila kumwambia mtu.

Tulirudi hospitali, mimi, Bibi na Mama. Daktari Usha aliuliza, "Kuna kitu kiligusa jicho?"

"Labda moshi wa jikoni," Bibi alijibu.

"Moshi hauwezi kufanya hivi. Kama tatizo ni lenzi, itabidi nilifungue jicho tena."

Bibi aliukamata mkono wangu kwa nguvu. "Ni mimi," nikasema. "Nilimpaka wanja. Watu walimsifu mno."

Mama aliinua mkono anipige kofi. Daktari akamzuia. "Mwache, mama. Sasa angalau najua ninachotibu: ni wanja, si lenzi."

Alimchoma Bibi sindano ya dawa, akabadilisha matone. Tulilala hospitali siku tano, na kila bandeji ilipofunguliwa nilifumba macho yangu kwa woga. Siku ya tano Bibi alisema, "Babita, mbona una michirizi ya machozi usoni?"

Nililia zaidi.

Daktari aliniinamia. "Mapenzi peke yake si dawa. Fuata masharti. Na ukikosea, sema siku ile ile, maana ungenyamaza leo, ningelipasua jicho hili bure, na lenzi haina kosa."

Kisha akamgeukia Bibi. "Jicho la pili tutalipasua mwezi wa Baisakh, joto likianza. Nani atakuwekea matone?"

"Mimi," Mama aliwahi kujibu.

"Atakuwa Babita," alisema Bibi. "Huyu nimeshajua kwamba akikosea ataniambia."