Gundi Bado Haijakauka

Nyemo alikuwa na miaka sita na bata mmoja. Aliishi Mpwapwa na Mama na Bibi, mahali penye upepo mwingi na vumbi jingi.

Bata aliitwa Karani. Alitembea polepole, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kugonga muhuri.

Karani alipenda kuoga. Bata wote hupenda kuoga. Lakini Karani aliogea kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Chubwi!

Walifunika ndoo kwa sinia. Karani akasukuma sinia. Waliweka jiwe juu ya sinia. Karani akasukuma na jiwe.

Chubwi!

Mara ya kwanza, Bibi alimtoa. Mara ya pili, Bibi alimtoa. Mara ya tatu, Bibi alikuta unyoya ndani ya chai yake. Akautazama. Unyoya nao ukamtazama.

"Nyemo," Bibi akasema, "bata huyu akiingia tena kwenye ndoo, nampeleka kwa shangazi yako. Shangazi yako anapenda bata. Anawapenda kwa wali."

Asubuhi hiyo Nyemo hakumaliza uji wake. Alimpenda sana Karani.

Banda la Karani lilikuwa nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa mbele ya nyumba. Nyemo akayabeba maji kwenye beseni ili Karani aogee huko, hatua kwa hatua. Alipofika nyuma, beseni lilikuwa tupu. Maji yote yalikuwa kwenye gauni lake.

Mama akaliona gauni. Akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama ukuta. Bomba jeupe la plastiki lilipita pale likielekea jikoni. Lilipita juu kabisa ya banda la Karani.

"Maji yapo hapa hapa," Mama akasema. "Yanapita tu bila kusalimia."

Kesho yake Mama akarudi kutoka dukani. Alileta kopo la gundi, koki ndogo na tii.

Tii ni kipande cha bomba chenye midomo mitatu. Maji huingia kwa mdomo mmoja. Hutoka kwa midomo miwili.

Kwanza Mama akajaza ndoo ya maji ya kunywa mpaka juu. Kisha akafunga koki kubwa, ile ya getini. Maji yakakatika nyumba nzima.

Mama akachukua msumeno, akakata bomba.

Krii-kraa. Krii-kraa.

Bibi akaja. Alisema hakuja kutazama, anapita tu.

Mama akajaribu kuingiza tii. Haikuingia. Bomba lilikuwa gumu. Halikupinda, halikusogea. Mama akasukuma. Mama akavuta. Mama akakaa chini.

Bibi, aliyekuwa anapita tu, akamwambia alegeze vibanio vinavyoshika bomba ukutani. Mama akavilegeza. Bomba likasogea kidogo. Tii ikaingia. Bibi akaendelea kupita.

Nyemo akachora alama kwa penseli, moja kwenye tii na moja kwenye bomba, ili mdomo wa tatu utazame chini. Mama akaichomoa tii, akapaka gundi, akairudisha. Akaizungusha mpaka alama ikakutana na alama.

"Shika hapa," Mama akasema. "Hesabu mpaka thelathini."

Nyemo alijua kuhesabu mpaka kumi. Akahesabu kumi mara tatu.

Kwenye mdomo wa tatu Mama akaweka koki ndogo. Chini yake akaweka karai.

"Sasa ndiyo kazi yenyewe," Mama akasema. "Gundi inataka kukauka mpaka jioni. Koki kubwa ikifunguliwa mapema, tii itachomoka. Na gundi imekwisha. Wewe linda koki kubwa."

Mama akaenda gulioni. Nyemo akakaa getini, karibu na koki kubwa. Karani akasimama kando yake.

Akaja Mama Chiwanga, jirani anayechota maji kwao, na jagi mkononi. Nyemo akamwamkia. Mama Chiwanga akaitika, akauliza mbona maji hayatoki. Nyemo akajibu:

"Gundi bado haijakauka.
Tusubiri kidogo."

Mama Chiwanga akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akachota jagi moja. Akaenda zake.

Akaja Bibi na sufuria. Alitaka kuosha majani ya mlenda. Akanyoosha mkono kwenye koki kubwa.

"Gundi bado haijakauka.
Tusubiri kidogo."

Bibi akaurudisha mkono. Akachota kwenye ndoo sufuria moja. Akachota na ya pili. Kisha akajilaza kwenye mkeka. Alisema halali, anafumba macho tu.

Khrrr, khrrr, yakasema macho ya Bibi.

Akaja mbuzi wa Mama Chiwanga. Hakuuliza kitu. Nyemo akamwambia vilevile.

"Gundi bado haijakauka.
Tusubiri kidogo."

Mbuzi akatafuna kamba ya geti kidogo, akaondoka.

Jua likawa kali. Upepo ukavuma, vuuu. Karani akaanza kutembea, polepole, kifua mbele.

Alikuwa anakwenda kwenye ndoo.

Nyemo akamwita. Karani hakugeuka. Nyemo akamwita tena. Karani akaongeza mwendo.

Nyemo akiondoka, mtu atafungua koki kubwa. Asipoondoka, Karani ataingia kwenye ndoo. Nyemo alitaka kulia.

Akakimbia. Pata-pata-pata-pata!

Karani alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa ndoo. Nyemo akamkamata kiunoni, kama bata ana kiuno.

Akachungulia ndani ya ndoo. Asubuhi ilikuwa imejaa, hata Mama aliibeba kwa taabu. Sasa maji yalikuwa chini ya nusu. Jagi la Mama Chiwanga na sufuria za Bibi zilikuwa zimefanya kazi.

Nyemo akambana Karani kwapani, taratibu. Akashika ndoo kwa mkono mwingine, akaivuta.

Krrr. Akapumzika. Krrr. Akapumzika. Krrr, mpaka getini.

Akaweka sinia juu ya ndoo, akalikalia. Akampakata Karani. Sasa alilinda koki kubwa kwa macho, Karani kwa mikono, na ndoo kwa kuikalia.

Karani akalalamika. Kwa-kwa-kwa.

"Gundi bado haijakauka.
Tusubiri kidogo."

Miguu ya Nyemo ikafa ganzi. Nzi akatua puani mwake. Hakuinuka.

Bibi akafumbua macho. Akaona koki, mjukuu, bata, sinia na ndoo. Akatazama kwa muda mrefu. Akaleta karanga kwenye kibakuli, akamwekea karibu.

Jioni Mama akarudi. Akaigusa tii kwa kidole. Akaigusa tena.

"Imekauka," akasema.

Nyemo akafungua koki kubwa, taratibu. Bomba likakohoa. Pfff! Kho! Kho! Kisha maji yakaja.

Wote wakaenda nyuma ya nyumba. Tii haikuvuja, hata tone moja. Nyemo akafungua koki ndogo.

Shaaaa!

Karai likajaa. Nyemo akafunga koki. Akamweka Karani chini.

Karani akalitazama karai. Akalizunguka mara moja. Akalizunguka mara ya pili. Akageuza kichwa, akatazama upande wa getini, kule ndoo ilikobaki. Nyemo aliacha kupumua.

Karani akainua mguu mmoja.

Chubwi!

Akazamisha kichwa. Akapiga mabawa. Akamlowesha Mama, akamlowesha Bibi, aliyekuwa anapita tu.

Nyemo alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Bibi akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Shangazi yako nitampelekea mlenda," akasema. "Huyu ni wa hapa."

Usiku ukaingia. Nyemo akaoga, akala, akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka mpaka shingoni.

Nje, nyuma ya ukuta, Karani alikuwa bado ndani ya maji. Hakuna aliyemtoa.