Cherehani Namba Saba

Walikutana duka la vifungo, siku ambayo foleni ilikuwa imemwagika hadi barabarani. Chiriku, mshonaji, gauni la kijani limemkaa kama kapakwa rangi, alimkanyaga kijana mmoja kisha akamlaumu kwa kuacha mguu njiani. Kijana, fundi wa kutengeneza cherehani, akaomba msamaha kwa niaba ya mguu. Foleni haijafika mbele, namba za simu zilikuwa zimeshahama mikono.

Miezi mitatu wakawa chanda na pete.

Kasoro ilikuwa Madamu, msimamizi wa Chiriku kiwandani. Kwa wanaume alikuwa asali. Kwa wasichana, hasa wenye mkono mzuri, alikuwa pilipili. Mwanaume akichelewa aliulizwa habari za njiani. Chiriku alichelewa mara moja tu, akahamishiwa namba saba, cherehani ya kona inayovunja sindano kama njiti za kiberiti. Madamu alisema naye alinyanyaswa na mabosi zake akavumilia, basi na wao wavumilie.

Jumapili, wafanyakazi wakiwa makwao, fundi aliitwa tena kukagua mashine za kiwanda hicho. Akaandika kwenye kadi: namba saba, sindano zinavunjika mno. Hakujua nani anaikalia. Jumatatu Madamu aliisoma mbele ya watu, eti hata fundi kauona uzembe wa Chiriku. Ijumaa angepewa barua ya kuachishwa kazi.

Chiriku aliutambua mwandiko. Simu hakupokea hadi Alhamisi.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Muulize aliyeandika kadi."

"Kadi ipi?"

"Namba saba ni mimi."

Ikakatwa. Fundi akaweka bisibisi chini, akachukua pasi.

Ijumaa aliingia kiwandani na shati lililonyooshwa hadi kola inakata, akamwomba mama mwenye kiwanda aigeuze kadi ile. Nyuma mlikuwa na maombi yake matatu ya kipande cha kukamata uzi, kilicholika na kuvunja sindano tangu kabla Chiriku hajahamishiwa pale. Pembeni ya kila ombi Madamu aliandika: bado.

Mama hakugomba. Alimwambia Madamu akalie namba saba, ashone mkono mmoja wa shati.

Tak. Sindano ya pili, tak. Wasichana waliinamisha vichwa, mabega yakicheka.

"Kumbe si mkono wa Chiriku," mama akasema, akaichana barua. Madamu angebaki hapo mpaka kipande kifike.

Kilichukua wiki nzima, na hakuna aliyekiharakisha. Siku ya mwisho Madamu alimpitia Chiriku, akamwekea pakiti ya sindano mpya mezani. "Kumbe inaudhi," alisema, akaondoka.

Fundi alipopiga magoti kufunga kipande, Chiriku alimmulikia tochi.

"Siku nyingine ukiona kosa langu?"

"Nitakwambia wewe, kadi baadaye. Na kwa kuwa magoti yameshafika chini, nioe tu."

"Wewe ndiye unayeoa, bwana. Kaza skrubu kwanza."

Akakaza. Chiriku akakaa, akashona mkono mzima, mwanzo hadi mwisho, sindano iko vilevile.

"Haya," akasema, akikata uzi kwa meno. "Mlete mama yako Jumapili."