Mwiko wa Bibi Oktavia

"Sisi hapa ulimi wa ng'ombe hatuli," Baba alisema huku akimsogezea Rabson bakuli la nyama. "Ni mwiko wa ukoo. Kwa hiyo usije ukautafuta humo."

Rabson akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Hata kwetu ni hivyohivyo, Baba. Tangu utoto wangu, ulimi hatugusi."

Masikini, alidhani anajiongezea maksi kwa mkwe.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa. Nilimwona Mama anaacha kutafuna. Baba akauliza taratibu:

"Nani alikuambia huo ni mwiko wenu?"

"Bibi yangu, kule Matamba, Makete. Ndiye aliyenilea."

"Mwanangu, babu yangu alihamia huku akitokea Makete. Alimwacha mdogo wake huko, na hatukumpata tena. Mwiko wake ulikuwa huohuo." Akanigeukia. "Ema, huyu ni kaka yako. Hakuna ndoa hapa."

Jamani, mimi Ema binti Ezekia, ninayejulikana soko zima la Makambako kwa mdomo, siku hiyo nilikosa neno. Barua ya posa ilishapokelewa. Na kwetu watu wakiwa na mwiko mmoja, basi ukoo ni mmoja, na ndugu hawaoani. Miaka miwili ya uchumba tumekula chipsi na kuku; nani angekumbuka kuulizana habari za ulimi?

Rabson aliondoka pale kwetu Lyamkena bila hata kumaliza ugali. Jioni ikaingia meseji yake:

"Nisamehe Ema. Nilitaka Baba anipende."

Nikamjibu: "Si ungekula tu ukanyamaza. Umenikosesha mume."

"Sitaki kuwa kaka yako."

Hapo nililia mpaka shuka likalowa. Kisha nikaandika: "Kesho twende kwa Bibi. Kama ni ndugu, nataka niambiwe na aliyekulea."

Tulifika Matamba saa nane mchana, baridi inauma masikio. Njia nzima Rabson hakuongea. Tulipoingia uani kwao, kwenye nyumba ya matofali yenye bati lililoshika kutu, ndipo mdomo ukamfunguka.

"Pale kwenye mpeasi, babu Elius alinifundisha kusoma. Alikuwa anachora herufi chini kwa kijiti. Wazazi wangu walipofariki nilikuwa na miaka mitatu, Ema. Hapa ndipo ninapopajua kuwa kwetu."

"Na kale kajumba?"

"Jikoni. Tulikuwa wajukuu saba, tunagombea nafasi ya kuota moto. Babu anatuachia, anakaa mbali, anasema yeye baridi ameizoea."

Nikamshika mkono, halafu nikakumbuka kwamba huenda ni kaka yangu, nikauachia. Aliona.

Bibi Oktavia alikuwa humo jikoni, anamenya viazi.

"Mume wangu umekuja," alimwambia Rabson, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. "Na huyu ndiye mke mwenzangu?"

"Shikamoo Bibi," nikasema, na machozi yakanitoka palepale.

Rabson akamweleza yote, tangu bakuli la nyama mpaka kauli ya Baba. Bibi aliacha viazi, akawa anachochea moto ambao wala haukuhitaji kuchochewa.

"Nani kasema ulimi ni mwiko wetu?"

"Wewe, Bibi. Kila Krismasi ng'ombe akichinjwa."

Bibi akajifunika uso kwa khanga.

"Babu yako hakuwa na meno."

Mimi na Rabson tukatazamana.

"Yalimtoka yote mapema," Bibi akaendelea. "Nyama nyingine ilikuwa inamshinda. Ulimi ukichemshwa sana unakuwa laini, anaumudu. Na ninyi mlikuwa saba, mkiona nyama hamna adabu. Ningewaambia mwachieni babu hana meno, mngemcheka, naye alikuwa mtu wa haya sana. Nikasema ni mwiko. Nikawa namwekea."

"Miaka yote hiyo?"

"Mpaka alipokufa. Baadaye nikaona aibu kusema. Mtu hausingizii ukoo mwiko, mjukuu wangu. Ni kosa kubwa."

"Bibi," nikasema, "itabidi umwambie Baba."

"Na utu uzima huu, nikajiite mwongo kwa mkwe?"

"Usipojiita, mimi sina mume."

Bibi akajifuta mikono.

"Mpigie."

Nikampigia, nikaweka spika.

"Kamwene, Baba Ema," Bibi akamsalimia kwa salamu ya kikwetu.

"Kamwene, Mama."

"Mimi ni bibi yake Rabson. Nilisema uongo." Akamweleza yote bila kujitetea hata kidogo.

Baba akauliza:

"Mwiko wenu hasa ni upi, Mama?"

"Pongo, yule mnyama wa msituni. Huyu hakuambiwa kwa sababu pongo mwenyewe hajawahi kumwona."

"Na mzee, alijua kwamba umewadanganya watoto?"

"Alijua. Kila mara alikuwa anakata nusu ananirudishia mimi. Tunakula wawili, wajukuu wakicheza nje."

Baba akakohoa. Ninamjua baba yangu, akikohoa vile ujue anameza machozi.

"Mama Ema, njoo usikie jambo," akaita kule nyumbani. Kisha akarudi kwetu. "Mama, kumbe mimi na wewe hatuna udugu. Basi tuutengeneze. Nitakuja Matamba mwenyewe nikusalimie, na nione alipolazwa mzee Elius. Hao watoto waoane."

Bibi alinirudishia simu, akaendelea na viazi vyake. Rabson alikuwa ameshatoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, analia waziwazi.

"Unalia nini wakati umepata mke?"

"Nimekula sahani moja na wale wazee miaka kumi na mitano, Ema, na sikujua walikuwa wanapendana kiasi hicho."

Nikamkumbatia. Nilikuwa na hamu ya kumkumbatia tangu jana.

"Mimi nikizeeka nikang'oka meno, utawadanganya watoto kwa ajili yangu?"

Alifikiri kwanza, maana Rabson hajibu jambo kwa haraka.

"Nitawadanganya," akasema. "Ila baba yako nitamwambia mapema."