Mtu wa Mkia Mwenye Utepe wa Kijani

Warwick alimwacha mchumba wake kwenye njia panda ya mlimani saa sita mchana, akijua hakuna mtu atakayekuja kumtoa pale.

Bronwyn hakujua hilo. Alijua sheria tu. Msafara wa pikipiki ukifika njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama hapo awaonyeshe wenzake pa kupita. Haondoki mpaka mtu wa mkia, yule wa mwisho mwenye kizibao cha njano, apite na kugonga kofia yake mara mbili. Maana yake: nimekuona, uko huru. Alifundishwa na marehemu baba yake, Colin, aliyekuwa mkia wa misafara ya Pasaka miaka ishirini na miwili.

"Simama hapa, mpenzi," Warwick alisema bila kuzima injini. "Trudy ndiye mkia leo, yuko nyuma anatia mnyororo mafuta. Dakika kumi tu."

"Ukungu unashuka, Waz."

"Ndiyo maana nakuacha wewe. Mwingine angekimbia."

Akaondoka. Des, rafiki wa zamani wa baba yake, akapita akipiga honi.

"Usilale, mwanangu! Pai zinapoa Dargo!"

Dakika kumi zikapita. Ikapita saa nzima. Ukungu ukameza mikaratusi, ukameza barabara, ukamwachia kiduara cha kokoto alichosimamia. Simu haikuwa na mtandao. Mara mbili alisikia injini ikija. Ilikaribia mpaka akanyoosha mkono kuonyesha njia, kisha ikanyamaza. Hakupita mtu.

"Trudy!"

Sauti yake ikarudi, lakini kwa kuchelewa, kana kwamba kuna mtu huko aliyeifikiria kwanza.

Angeweza kuondoka. Lakini Trudy akikosea njia na kutumbukia gengeni, nani atajibu? Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Trudy ndiye angemshikia maua kwenye harusi, mwezi wa sita. Akabaki, meno yakigongana.

Saa nane kasoro robo, pikipiki ikatokea. Taratibu, taa hafifu, injini ikikohoa kila pigo la tatu. Dereva alivaa kizibao cha njano, begani kimezibwa kwa utepe wa kijani. Alipofika usawa wake, akagonga kofia mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa mkia hawalifanyi: akampungia mkono kwa nguvu. Nenda! Nenda!

Akatangulia ukunguni; Bronwyn akawasha. Hajamaliza mita mia akasikia nyuma yake mlio kama mlima umevunjika mfupa. Barabara ikatikisika. Hakugeuka. Na mbele yake hapakuwa na taa wala mlio wa injini nyingine.

Kijijini Dargo, kwenye baa, alimkuta Des peke yake kando ya moto.

"Wenzako wako wapi?" Des akauliza. "Waz aligeuza kuwafuata tangu saa saba."

"Hakufika kwangu. Amepita mtu wa mkia tu, anko. Kizibao chake kina utepe wa kijani begani."

Des akaweka glasi chini.

"Bega lipi?"

"La kushoto."

"Na injini?"

"Inakohoa."

"Mwanangu, utepe ule uliubandika wewe ukiwa na miaka tisa. Na kizibao kile tulimzika nacho baba yako."

"Najua, anko. Nilitaka mtu mwingine aseme."

Saa kumi Warwick na Trudy wakaingia.

"Bron! Tumekutafuta kila mahali!" Warwick alifungua mikono.

Bronwyn hakuinuka.

"Mimi si nilikupita?" Trudy akadakia. "Ukungu tu ule. Nilikugongea kofia, ukanipungia."

"Basi mbona mimi nimelowa mpaka chupi, na wewe nywele zimekauka?"

Trudy akashika nywele zake. Hapo ndipo simu ya Warwick iliponasa mtandao wa baa. Ujumbe uliokuwa umekwama tangu asubuhi ukatoka, na simu za wenzake watatu zikalia kwa pamoja. Badala ya kumtumia Trudy peke yake, alikuwa ameutuma kimakosa kwenye kundi la safari.

Des akavaa miwani, akausoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho:

"Trudy, ukifika darajani shika barabara ya chini, nitakuja kibandani. Bron nitampanga kwenye njia panda. Hatatoka mpaka akuone, namjua. Saa mbili nzima ni zetu."

"Nilikwambia sihitaji kukumbushwa!" Trudy akafoka.

"Bron, nisikilize..."

"Umenifunga kamba kwa sheria ya baba yangu, Waz."

"Ni mara moja tu, naapa!"

"Mara ya tatu," Trudy akasema, ameanza kulia. "Usinifanye na mimi mjinga."

Asubuhi Bronwyn na Des walipanda tena mlimani. Mkaratusi mnene kuliko lori ulikuwa umelala juu ya njia panda. Des alipiga magoti, akachungulia chini ya gogo. Shimo la stendi ya pikipiki ya Bronwyn lilikuwa pale pale, katikati. Halafu akafuata alama za matairi kwenye tope la jana, akaenda na kurudi mara mbili.

"Pikipiki iliyotoka hapa baada ya ukungu kushuka ni moja tu," alisema. "Ni yako."

Bronwyn akavua pete, akaisukumiza chini ya gogo kwa kidole.

Pasaka ile ilimgharimu mchumba mmoja, harusi moja na rafiki wa miaka ishirini na sita. Pikipiki nne zilipanda mlimani, mbili zikarudi pamoja. Na baba yake, ambaye Bronwyn alikwisha kumlia mara moja, alimlia mara ya pili, kwa sababu pale kwenye ukungu hakumwambia hata asante.