Kaeni, Andikeni

Mhadhiri alikufa mbele ya darasa zima, na darasa zima likaandika jinsi alivyokufa.

Ndivyo Inspekta alivyowakuta alipofika: wanafunzi wa saikolojia ya uhalifu, wamejikunyata ukumbini kama kuku walionyeshewa, karatasi bado mikononi. Chini ya ubao mwalimu wao alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umezama ndani ya mkoba wake.

"Mlimwona akianguka?" aliuliza Inspekta.

"Tulimwona, afande."

"Mkafanya nini?"

Msichana wa safu ya mbele akaanza kulia.

Mambo yalikuwa hivi. Mhadhiri huyo alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kila muhula alipanga kioja darasani bila kuwaambia wanafunzi: mara mwizi anaingia na kukwapua mkoba, mara watu wawili wanatwangana mlangoni. Kisha yeye huangua kicheko na kuwataka waandike walichokiona, na kila mmoja huandika lake. Hivyo ndivyo walivyojifunza kwamba jicho la shahidi si kamera. Basi siku hiyo alipofuta ubao, akashika kifua na kuanza kutafuta hewa, wanafunzi waliinuka. Wakasikia mtu akisema: "Ni jaribio hilo. Kaeni, andikeni." Wakakaa. Wakaandika vizuri sana, na mtu akafa.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuzungusha maneno. "Pumu. Kitambaa cha kufutia ubao kimelowa dawa kali ya kuulia wadudu. Mimi na wewe tungekohoa tu. Yeye alihitaji dawa yake ya kuvuta, na mkobani haimo."

"Nani alijua kwamba anaumwa?"

"Nani hakujua? Alikuwa akiivuta mbele yao."

Kesho yake asubuhi Sajini alimpokea Inspekta kituoni kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Ni msaidizi wake. Yeye ndiye hupanga mkoba, yeye ndiye hulowesha kitambaa. Juzi juzi marehemu alimgombeza mbele za watu. Nimekaa naye usiku kucha, amekiri, ametia saini."

"Usiku kucha?"

"Tulimpa chai."

Sajini hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba asiye na hatia hatii saini. Inspekta naye aliamini hivyo miaka mingi, mpaka alipopelekwa kusomea namna akili ya binadamu inavyofanya kazi mbele ya polisi na mahakama. Aliporudi wenzake walimbatiza jina la Mganga wa Vichwa, na kila aliyegombana na mkewe alielekezwa ofisini kwake.

Alisoma maelezo ya kukiri. "Mimi kwa dhamira na nia ovu niliondoa dawa hiyo kwa makusudi ya kumdhuru marehemu." Mtu gani huzungumza hivyo? Hata Sajini huzungumza hivyo mbele ya hakimu tu.

Akamwita msaidizi. Aliingia mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dawa uliitupa wapi?"

"Mnataka niseme wapi, afande?"

"Nataka ukweli."

"Ukweli..." Akasugua uso. "Nakumbuka niliiweka mkobani. Lakini kila siku naiweka mkobani. Labda nakumbuka siku nyingine. Sajini anasema mtu anaweza kufanya jambo akalisahau. Kama nimeua, basi nimeua."

Mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mtoto mchanga mgongoni. Inspekta alipopita, mwanamke yule akasimama.

"Dada yangu, mtu akishatia saini, anaweza kurudi nyumbani?"

Inspekta alitamani kusema ndiyo. Jalada lilikuwa linakwenda mahakamani siku inayofuata, na kwa kukiri kule kifungo cha maisha kilikuwa kimeshaandaliwa meza. Akamwambia angoje.

Alijua swali lililobaki. Nani alisema ni jaribio?

Wanafunzi walijibu kwa uhakika wa kutisha. "Mwanamume wa nyuma." "Mwalimu mwenyewe, kabla hajaanguka." "Kiongozi wa darasa." Kiongozi wa darasa akaapa kwa jina la mama yake kwamba yeye alikuwa akitafuta kalamu. Hakuna aliyedanganya. Walisikia sauti wasiyoijua, na akili, kwa vile haipendi pengo, ikawatafutia mwenye sauti.

"Sasa tuwabane," alisema Sajini.

"Hapana. Turudi ukumbini."

Kila mmoja akaketi alipokuwa ameketi. Inspekta alisimama penye ubao.

"Fumbeni macho. Sitaki maneno, sitaki majina. Kumbukeni harufu ya ile dawa. Kumbukeni kiti kilivyokuwa. Mwalimu anakohoa. Inukeni kama mlivyoinuka."

Wakainuka, wengine nusu.

"Sauti inasema kaeni. Fanyeni mlichofanya."

Vichwa vikageuka. Ulimi ulikuwa umesahau, lakini shingo ilikumbuka. Waliokuwa kushoto wakageukia kulia, wa mbele wakageukia nyuma, wa nyuma wakainamisha nyuso mbele kidogo. Wote walielekea kiti kimoja, karibu na dirisha la katikati.

Aliyeketi hapo hakugeuka popote. Macho yake yalikuwa wazi, yanamtazama Inspekta.

Darasani walimwita Bi Kimya. Muhula mzima hakuwahi kuuliza wala kujibu, ndiyo maana hakuna aliyeitambua sauti yake siku alipoitumia.

Kwenye chumba cha mahojiano aliketi wima, mikono mapajani.

"Ulisema wewe," alianza Inspekta.

"Shingo za watu si ushahidi, afande. Tumefundishwa hivyo."

"Mmefundishwa vizuri. Wakili yeyote atanicheka."

"Basi niruhusu niende."

"Nenda. Lakini kwanza soma hiki."

Akasukuma mezani maelezo ya msaidizi. Bi Kimya alisoma polepole. Alipofika katikati akarudi juu, akasoma tena.

"Huyu hakufanya kitu," alisema.

"Ametia saini."

"Kwa nini?"

"Hakulala. Aliambiwa amesahau, akaamini. Mkewe yuko mapokezi na kichanga mgongoni."

"Mwambieni akane!"

"Atakana nini? Hata yeye mwenyewe hajui tena."

Bi Kimya aliweka karatasi chini. Mara uso wote ukasambaratika, akalia kwa sauti kubwa ya mtoto. Inspekta hakumharakisha. Mwishowe msichana akafungua mkoba wake, akatoa kopo dogo la dawa ya kuvuta, akaliweka juu ya meza.

"Nilishindwa kulitupa," alisema. "Nililitoa mkobani mwake kabla ya kipindi, nikatia dawa ya wadudu kwenye kitambaa. Nilipanga kulitupa njiani, nikashindwa."

"Niambie."

"Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kulitokea mauaji barabarani, wakamkamata. Alihojiwa siku kadhaa, akakiri, kisha akakana. Mahakama ikamwita mtaalamu. Ndiye huyu marehemu. Akasema mtu timamu hawezi kukiri asilotenda. Baba alifia gerezani. Baadaye muuaji akapatikana."

"Naye akajua?"

"Alijua! Ndiyo somo lake la kwanza. 'Kisa cha Dereva.' Anaeleza jinsi Dereva alivyokiri kupita barabara iliyokuwa imefungwa siku hiyo. Watu wanacheka. Na mimi nimekaa dirishani." Alijifuta kwa kiganja. "Hakusema ni nani aliyemponza Dereva. Nilimfuata ofisini. Nikamuuliza kama aliwahi kuwaomba radhi watu wake. Akasema, 'Watu wake? Sijui kama alikuwa na watu.'"

Inspekta akamsogezea leso.

"Kukosea ningemsamehe, afande. Kila mtu hukosea. Lakini alimfanya baba yangu mfano."

"Ungeweza kusimama darasani ukasema."

"Ningeweza." Akalitazama lile kopo. "Nilitaka aombe msaada, watu wamtazame na wasimwamini. Kama baba. Sikumfikiria msaidizi hata kidogo. Mtoto wake ni wa kike?"

"Wa kike."

"Basi andika, mama. Nitasema yote, na sijanyimwa usingizi. Ila huyo baba atolewe kwanza."

Sajini alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alichukua funguo, akaenda mahabusu yeye mwenyewe.

Msaidizi aliletwa mapokezi. Inspekta akamweleza kwamba aliyefanya amepatikana, dawa imepatikana, na yeye yuko huru. Yule mtu alisikiliza hadi mwisho, akaketi kwenye benchi.

"Afande," aliuliza kwa sauti ya chini, "una hakika kwamba si mimi?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa polepole, lakini hakuinuka. Mkewe akamfungua mtoto mgongoni, akampakatisha.

"Mshike mwanao, Baba Watoto," alisema. "Mimi nilikuwa nawe asubuhi hiyo. Nilikuona nyumbani ukifungasha mkoba wa mwalimu, ukatia dawa yake ya kuvuta. Mimi najua."

Sajini alitazama sakafu. Katika muda wote ule, hakuna aliyekuwa amemuuliza mwanamke huyo.