Mbwa Nyuma ya Picha

Tania alipoingia nyumbani kutoka shuleni, mama yake, Clothilde, ndiyo kwanza alikuwa anaamka. Siku zao zilienda hivyo katika mtaa wa Vickery Meadow, jijini Dallas. Mmoja akirudi, mwingine alikuwa anajiandaa kutoka. Mama alifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala, zamu ya usiku. Aliketi ukingoni mwa kitanda akisugua miguu iliyovimba, macho yake bado mazito.

"Heritier alilala vizuri?" Mama aliuliza.

Tania alisita. Mdogo wake Heritier, aliyekuwa hajaanza shule, alikuwa amekohoa usiku kucha. Bibi jirani aliyekuja kulala nao alikuwa na usingizi mzito, kwa hiyo Tania ndiye aliyeamka tena na tena kumpa mtoto maji na kumpapasa mgongo. Hali ilikuwa hiyo wiki nzima.

"Alilala vizuri, Mama," alijibu. Hakutaka kumwongezea mama yake mzigo mwingine.

Alibadilisha nguo za shule, akatembea hadi kwenye kanisa lililokuwa upande wa pili wa barabara. Nyuma ya kanisa hilo kulikuwa na chumba ambacho Anti Gakii alikigeuza karakana. Anti Gakii alitoka Meru, nchini Kenya. Asubuhi alihudumia wazee katika makao ya kuwatunza, na alasiri aliwatengenezea wachoraji fremu za picha. Tania alipenda kuchora, na Anti Gakii alikubali kumfundisha kuwamba turubai, yaani kukikaza kitambaa cha picha kwenye mbao.

Kuwamba turubai ni kazi ya subira. Kwanza unaunganisha mbao nne na kuhakikisha pembe zake zimenyooka. Kisha unalaza turubai, picha ikitazama chini, na kuweka mbao juu yake. Unakunja ukingo na kupiga pini katikati ya ubao mmoja. Halafu unahamia ubao unaoukabili, unavuta kwa plaizi, na kupiga pini nyingine. Unaendelea hivyo ukibadilishana pande, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, turubai hupinda na kufanya mikunjo.

Siku hiyo Anti Gakii alikuwa ametandaza mezani picha iliyochorwa na Papa Placide, mzee kutoka Uvira, Kongo. Picha ilimwonyesha marehemu mkewe amesimama mlangoni pa nyumba yao ya zamani. Chini kabisa, karibu na ukingo, alilala mbwa mdogo wa rangi ya kahawia.

"Hii ndiyo picha yake ya mwisho," Anti Gakii alisema. "Tangu augue, mikono yake inatetemeka, hawezi kushika brashi. Jumamosi itaonyeshwa hapa, katika ukumbi wa kanisa. Ninataka uiwambe wewe. Utaweza leo?"

Kichwa cha Tania kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga. Lakini alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa muda mrefu.

"Nitaweza, Anti."

Anti Gakii alitoka kwenda kununua gundi. Tania akabaki peke yake. Alipiga pini ya kwanza katikati ya ubao, kama alivyofundishwa. Pini ya pili nayo ilikaa sawa. Kisha macho yakaanza kujifumba yenyewe. Kuzunguka meza kila mara ili kubadilisha upande kulimchosha, basi akaamua kumaliza ubao mmoja wote kwanza, kisha ujao. Alipofika ubao wa mwisho, turubai ilikuwa imepinda na kufanya mikunjo mikubwa.

Alishika plaizi akavuta kwa nguvu. Mkunjo haukuisha. Akavuta tena kwa hasira.

Turubai ikachanika.

Usingizi ulimtoka papo hapo. Aliigeuza picha na kuona mpasuko umepita katikati ya mgongo wa mbwa. Aling'oa pini zote, akaivuta turubai upande wa chini mpaka mbwa na mpasuko wake wakakunjwa nyuma ya ubao. Upande wa juu ulibaki ukanda mweupe usio na rangi, lakini alipoiingiza picha ndani ya fremu, ukanda ule ulifunikwa. Mwishowe alibandika karatasi nyuma, pasionekane kitu.

Anti Gakii alirudi akiburuta miguu. Aliitazama picha kidogo tu.

"Kazi nzuri," alisema, akajitupa kwenye kiti.

Tania hakufurahia sifa hiyo.

Kesho yake Papa Placide alikuja kuiona picha yake. Alitembea kwa mkongojo, na Tania akamvutia kiti. Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akitabasamu. Kisha uso wake ukabadilika. Akainama, akachungulia chini, halafu kulia, halafu kushoto.

"Mbwa wangu yuko wapi?" aliuliza polepole.

Anti Gakii alikuwa anakata mbao na mashine ilikuwa inanguruma, hakusikia.

"Nilidhani nilimchora," Papa Placide aliendelea, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Siku tuliyokimbia vita, alitufuata mpaka mpakani. Walinzi wa mpaka walimfukuza, naye akakaa ng'ambo akitutazama. Nilisema lazima nimchore kabla sijamsahau." Alijipapasa paji la uso. "Basi sikumchora. Daktari aliniambia kumbukumbu zitaanza kupotea. Sikujua kwamba zimeshaanza."

Machozi yalimlenga mzee. Tania angeweza kunyamaza. Picha ingetundikwa na watu wangeisifu, lakini Papa Placide angerudi nyumbani akiamini kwamba akili yake inamtoka.

"Papa Placide, hukusahau!" alisema kwa sauti. "Ulimchora. Mimi ndiye niliyemficha."

Anti Gakii alizima mashine. Tania akaeleza yote huku analia: plaizi, mpasuko, na karatasi aliyoibandika.

"Yupo?" Papa Placide aliuliza.

"Yupo, lakini nimemchana mgongoni. Nisamehe, Papa."

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Afadhali aliyechanika kuliko aliyesahaulika. Mtoeni nimwone."

Anti Gakii hakuficha hasira yake. "Kuchana ni ajali," alisema. "Kuficha ulichagua mwenyewe. Utaifungua wewe, pini moja moja, na utaiwamba upya." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi niliitazama bila kuiona, kwa sababu nilichoka. Kosa hilo ni langu."

Waling'oa pini taratibu ili turubai isichanike zaidi. Walilinganisha kingo za mpasuko na kubandika kiraka cha kitambaa kwa nyuma. Gundi ilipokauka, Papa Placide alijaribu kushika brashi, lakini mkono ulitetemeka mno. Akampa Tania.

"Weka kahawia kidogo hapo. Kidogo tu. Sasa nyeusi kwenye sikio."

Kisha Tania akaiwamba upya, akizunguka meza kila mara hata miguu ikamuuma. Mara hii turubai ilikazika sawasawa. Ukiikaribia picha, bado ungeona mstari mgongoni mwa mbwa.

Anti Gakii alimsindikiza Tania nyumbani kabla mama yake hajaenda kazini. Tania mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama yake yote, pamoja na habari za kikohozi cha Heritier.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliuliza.

"Unarudi umechoka sana, Mama. Nilisema nisikuchoshe zaidi."

Mama alimvuta karibu. "Mwanangu, nimechoka, ni kweli. Lakini mimi ni mama yako. Kesho nitampeleka Heritier kliniki. Na bibi nitamwambia kwamba mtoto akikohoa, utamwamsha yeye."

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua," Anti Gakii alisema. "Uchovu nao ni vivyo hivyo, Tania. Kuchoka si aibu. Sote hapa tumechoka. Lakini ukiuficha, utajitokeza kwenye kazi yako, na atakayeumia ni mtu mwingine. Siku ukishindwa, sema umeshindwa. Na ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linaweza kutiwa kiraka."

Jumamosi, Papa Placide aliketi karibu na picha yake, akimwonyesha mbwa kila aliyepita. Wageni walipoondoka, Anti Gakii alileta turubai nyingine mezani.

"Je, utaweza hii leo?" aliuliza.

Tania aliitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Hapana, Anti. Leo nimechoka."

"Vizuri," Anti Gakii alisema, akazima taa ya karakana. "Twende tukalale."